Mbavu za Kondoo na Viazi Vikuu: Kinachoamua Mlo wa Watu wa Tonga

Mwaka 2001 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala ya Mike Evans na wenzake kuhusu ulaji katika Ufalme wa Tonga. Watafiti hao waliwauliza wenyeji maswali ambayo wengi wetu tulio katika huduma za afya hudhani kwamba tunayajua majibu yake: chakula gani mnakipenda, kipi mnakiona kina lishe bora, na kipi mnakila mara nyingi. Majibu hayakwenda pamoja. Watu walijua vyema kwamba samaki na mazao ya shambani yanaufaa mwili kuliko nyama ya mafuta itokayo ng'ambo, na hata hivyo nyama hiyo ndiyo iliyoingia chunguni. Walichokila hakikufuata walichokipenda wala walichokijua. Samaki aliuzwa kwa bei iliyozidi ile ya nyama ya kondoo yenye mafuta, au ya vipande vya kuku wa kuagizwa, kwa kati ya asilimia 15 na 50.

Jambo hili linastahili kutafakariwa na kila anayekaa mbele ya mgonjwa wa kisukari na kumpa karatasi ya ushauri wa lishe. Karatasi ile imejengwa juu ya dhana kwamba mgonjwa hula vibaya kwa sababu hajui. Tonga ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo, kwa kuwa nchi ni ndogo, historia yake inajulikana, na mabadiliko ya mlo wake yametokea katika muda ambao wazee walio hai wanaukumbuka.

Watonga ninaowazungumzia hapa wasichanganywe na Watonga wa bonde la Zambezi. Hawa ni watu wa visiwa takriban 170 vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki, kaskazini mashariki mwa New Zealand, na ni visiwa 36 tu au zaidi kidogo ndivyo vyenye wakazi. Idadi yao visiwani ni kama laki moja, wengi wao wakiishi katika kisiwa kikuu cha Tongatapu, ulipo mji mkuu wa Nuku'alofa. Nchi yao ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1900 hadi 1970, lakini ufalme wao wenyewe haukuvunjwa kamwe.

Takwimu za ugonjwa zinatisha. Uchunguzi wa mwaka 1973 ulionyesha kwamba kisukari kilikuwa kimewapata watu wazima asilimia 7.5. Uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa karne ukakuta asilimia 15.1, na walio wengi miongoni mwao hawakuwa wakijua kwamba wanaumwa. Kufikia upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, watu wazima wawili kati ya kila watatu walikuwa na unene uliokithiri, na kisukari kilikaribia theluthi moja ya watu wazima. Katika hospitali kuu ya Vaiola, kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari ni jambo la kila siku katika wodi ya upasuaji, na kukatwa mguu ni jambo linalozijulia njia familia nyingi.

Chakula na kitoweo

Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida kuuelewa mlo wa Kitonga, maana umegawanyika kama wake. Kuna kai, yaani chakula chenyewe, kile kinachoshibisha: viazi vikuu, magimbi, viazi vitamu, muhogo, shelisheli, ndizi. Kisha kuna kiki, kitoweo cha kukisindikiza: samaki, pweza, kombe, kuku, na katika siku kubwa nguruwe. Aliyekula kai bila kiki amekula kwa unyonge. Aliyekula kiki bila kai hajala. Majani ya magimbi hufungwa pamoja na tui la nazi na kitoweo, yakaitwa lu, yakapikwa pamoja na viazi katika 'umu, shimo lenye mawe ya moto lililofunikwa kwa majani na udongo.

Ni vyema kusema hapa kwamba mlo huo wa zamani haukuwa mlo wa wagonjwa. Tui la nazi lina mafuta mengi, na nguruwe wa sherehe hakuwa mkavu. Wako waandishi wanaoupamba mlo wa mababu kana kwamba ulipangwa na mtaalamu wa lishe, na mimi sikubaliani nao. Tofauti ilikuwa katika mambo mengine. Kiki ilikuwa kidogo na ilitoka baharini kwa siku nyingi za juma. Viazi vikuu vilidai kazi: kufyeka, kuchimba mashimo ya kina, kupanda, kuvuna, kubeba. Nguruwe alikuwa wa siku maalumu. Mtu aliyekula sana siku ya karamu alikuwa ametembea na kulima siku zilizotangulia, na alirudia kazi hiyo siku zilizofuata.

Hata upande wa kai haukubaki ulivyokuwa. Muhogo, uliokuja baadaye, umechukua sehemu kubwa ya nafasi ya viazi vikuu kwa sababu unavumilia ardhi iliyochoka na haudai jasho jingi. Viazi vikuu vimebaki kuwa zao la heshima, vya kupelekewa mtu mkubwa. Mkate mweupe, wali na tambi za pakiti zinazoiva kwa dakika chache vikaja kukaa juu ya vyote, kwa kuwa mama aliyeajiriwa mjini hana saa nne za kungojea 'umu kila siku.

Heshima ya sahani iliyojaa

Mwaka 1777 nahodha James Cook alishuhudia huko Tongatapu sherehe ya 'inasi, ambapo malimbuko ya viazi vikuu yaliletwa mbele ya Tu'i Tonga, mtawala mtukufu wa visiwa. Chakula kilikuwa kodi, kilikuwa ibada, na kilikuwa ushahidi wa utii. Sherehe hiyo haipo tena, lakini mantiki yake haikufa. Wamisionari wa Kimetodisti walipoingia katika miaka ya 1820, na mfalme George Tupou wa Kwanza alipoifanya nchi kuwa ya Kikristo, karamu ilihamia kanisani. Katiba ya mwaka 1875 iliitangaza Jumapili kuwa siku takatifu isiyofanyiwa kazi wala biashara, na hali iko hivyo mpaka leo. Asubuhi 'umu inafukiwa, watu wanakwenda kusali, wanarudi kuifukua, wanakula pamoja, kisha wanalala. Jumapili ya kwanza ya Mei huwa ya watoto: huvaa nguo mpya, hukariri Maandiko mbele ya kanisa, halafu hutangulizwa kwenye meza ambayo siku nyingine hutangulia wakubwa.

Katika utaratibu huo, kulisha ni tendo la upendo, ambao wao huuita 'ofa, na pia ni tendo la nafasi. Dada wa baba na watoto wake, kwa jina la fahu, ndio wenye daraja ya juu katika ukoo, na kwenye msiba au harusi hupewa kilicho bora. Mchungaji hulishwa kwa zamu na waumini. Machifu hulishwa na wote. Mwenyeji ambaye wageni wake wamemaliza kila kitu mezani ameaibika, kwa maana hakupika cha kutosha. Mwambie mtu wa namna hiyo apunguze chakula, naye atasikia kwamba unamtaka apunguze ukarimu.

Mwili mkubwa nao ulikuwa na maana yake. Ulionyesha kwamba mtu ana ndugu wanaomtunza na ardhi inayomlisha. Mfalme Taufa'ahau Tupou wa Nne alipimwa mwaka 1976 akaonekana kuwa na kilo 209.5, na kitabu cha rekodi za Guinness kikamtaja kuwa mfalme mzito kuliko wote duniani. Mfalme huyohuyo, katika miaka ya 1990, aliamua kupunguza uzito wake hadharani. Aliendesha baiskeli na kufanya mazoezi huku raia wakimtazama, na mashindano ya kitaifa ya kupunguza uzito yakaendeshwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 88. Mfano wake ulisaidia kulifanya suala la uzito lizungumzike pasipo kumvunjia mtu heshima, jambo ambalo hakuna daktari wa kigeni angeliweza. Lakini bei ya samaki haikushuka kwa sababu mfalme amepanda baiskeli.

Safari ya ubavu wa kondoo

Hebu tuitazame nyama yenyewe. Watonga huiita sipi. Ni sehemu ya chini ya ubavu wa kondoo, ile inayoning'inia kuelekea tumboni, yenye nyama kidogo katikati ya matabaka ya mafuta. New Zealand na Australia zina kondoo wengi mno, na walaji wa nchi hizo pamoja na wa masoko ya mbali hutaka paja na mbavu nzuri. Ubavu wa chini wao hawautaki. Machinjio hayapendi kutupa kitu, basi sehemu hiyo hugandishwa, hupakiwa katika maboksi na kupelekwa visiwani, ambako huuzwa kwa bei nafuu. Wanaanthropolojia Deborah Gewertz na Frederick Errington waliandika kitabu kizima kuhusu biashara hii katika Pasifiki mwaka 2010, na swali linalowasumbua wenyeji wengi wa eneo hilo limo ndani yake: je, tumegeuzwa kuwa jaa la mabaki ya wenzetu?

Kwa upande wa mwili, hesabu ni nyepesi. Tukichukua kipande cha gramu 100 chenye gramu 40 za mafuta, kiasi ambacho si cha kushangaza kwa nyama hii, mafuta peke yake yanatoa kilokalori 360, kabla hatujahesabu protini. Samaki wa miambani mwenye uzito huohuo hutoa kilokalori takriban 100 kwa jumla. Tena mafuta ya kondoo ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya katika damu. Mtu anayebadilisha kitoweo bila kubadilisha ukubwa wa sahani anaweza kuongeza mamia ya kilokalori kwa siku na asione tofauti yoyote mezani.

Kabla ya sipi ilikuwepo nyama ya ng'ombe ya chumvi katika mapipa, na baadaye ya kopo, iliyokuja na wafanyabiashara waliofuata mbata za nazi. Kopo lilikuwa na sifa ambayo samaki hana: halikuoza, na lilitoka mbali. Kwa hiyo likapata cheo. Leo nyama ya kopo hufungwa ndani ya majani ya magimbi kama samaki alivyofungwa zamani, ikaitwa lu pulu, na mtalii husimuliwa kwamba hicho ni chakula cha asili. Kwa kweli kimeshakuwa cha asili. Vizazi vinne au vitano vimelelewa nacho. Katoni za makopo hupelekwa msibani kando ya viazi vikuu na mikeka, na mwenye kuzipeleka ametimiza wajibu wake.

Lakini fedha za kununulia hutoka wapi? Sehemu moja hutoka kwa ndugu walio Auckland, Sydney na Salt Lake City. Fedha wanazotuma ni nyingi kiasi kwamba Tonga huhesabiwa miongoni mwa nchi zinazotegemea zaidi fedha za wahamiaji duniani kwa kulinganisha na pato lake. Fedha hizo husomesha watoto na kujenga nyumba, na pia hununua chakula cha dukani. Aliyehama alikuwa kijana mwenye nguvu za kulima na kuvua. Anayebaki kula fedha zake mara nyingi ni mzee na mtoto. Sheria ya Tonga inampa kila mwanamume afikishaye miaka 16 haki ya kuomba kiwanja cha nyumba pamoja na shamba la ekari 8 na robo. Ni haki adimu duniani, ingawa ardhi haitoshi tena kumgawia kila mmoja, na mashamba mengi wenye nayo wako ng'ambo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima waliobaki waligundua soko la maboga nchini Japani. Tonga ilivuna katika miezi ambayo Japani haina maboga yake, na bei ilikuwa ya kuvutia. Ardhi, matrekta na mikopo vikaelekea huko. Vivyo hivyo samaki wazuri wa bahari kuu, wakiwemo jodari, hupata bei bora ng'ambo kuliko Nuku'alofa. Nchi ikawa inauza mboga na samaki, na kununua mafuta ya kondoo. Hakuna mtu aliyeupanga mzunguko huo. Kila mmoja ndani yake alifanya uamuzi wenye busara kwa nafasi yake.

Je, si damu yao tu?

Swali hili huulizwa sana, na wagonjwa wenyewe huliuliza: labda sisi tumeumbwa hivi. Mwaka 1962 James Neel alitoa wazo kwamba baadhi ya jamii zilirithi uwezo wa kuhifadhi nishati kwa ajili ya nyakati za njaa, na kwamba uwezo huo hugeuka kuwa mzigo panapokuwa na shibe ya kudumu. Wengi waliutumia wazo hilo kuwaelezea watu wa Pasifiki waliovuka bahari kwa mitumbwi. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza vinasaba vya Wasamoa, majirani wa Watonga, walitangaza kwamba wamepata badiliko katika jeni iitwayo CREBRF, ambalo limeonekana pia kwa Watonga. Wenye badiliko hilo huelekea kuwa wazito zaidi. Kinyume na matarajio, uwezekano wao wa kupata kisukari ni mdogo kuliko wa wale wasio nalo.

Tena ni vyema mhudumu akumbuke kwamba mtu wa Polinesia mwenye uwiano fulani wa uzito na urefu, kwa wastani, ana misuli mingi na mafuta machache kuliko Mzungu mwenye uwiano uleule. Kwa hiyo kipimo cha uzani peke yake kinaweza kumpaka mtu sifa ya ugonjwa asiostahili. Na iwapo damu ndiyo ingekuwa sababu kubwa, isingeweza kukiongeza kisukari maradufu kati ya 1973 na mwisho wa karne. Vinasaba havibadiliki kwa miaka 25. Meli za mizigo hubadilika.

Serikali sokoni

Visiwa vya Pasifiki vimejaribu njia kali. Fiji ilipiga marufuku uuzaji wa mbavu za kondoo zenye mafuta mwaka 2000. Samoa ilipiga marufuku mikia ya bata mzinga mwaka 2007, lakini ilipotaka kujiunga na Shirika la Biashara Duniani ililazimika kuiondoa marufuku hiyo. Uanachama wake ulikamilika 2012. Tonga ilijiunga na shirika hilo mwaka 2007, ikiwa imekubali ukomo wa ushuru wake wa forodha. Ikabaki na chombo kingine: ushuru wa bidhaa, ambao hutozwa bila kuangalia nchi bidhaa ilikotoka. Mwaka 2013 ushuru huo uliwekwa kwenye vinywaji vyenye sukari, na katika miaka iliyofuata ukaongezwa kwa tambi za pakiti, mikia ya bata mzinga na mbavu za kondoo. Upande wa pili ushuru wa samaki wa kuagizwa ulipunguzwa.

Mimi naiona hatua hii kuwa ya haki zaidi kuliko mahubiri, kwa kuwa inaigusa bei, na bei ndiyo iliyosema katika utafiti wa 2001. Ila ina makali yake. Familia maskini isiyo na mvuvi wala shamba hulipa ushuru huo ikaendelea kula kilekile, kwa sababu hakuna kingine karibu, au huhamia kwenye kitu kingine cha bei nafuu ambacho hakijatozwa. Mwenye shamba na ndugu wa kumtumia fedha ndiye awezaye kuhama kwa urahisi kwenda kwenye samaki. Ushuru bila samaki wa kutosha sokoni ni nusu ya dawa.

Kuhusu mazoezi, Tonga ilitumia njia iliyozaa maneno mengi mazuri. Wanawake wengi waliona haya kukimbia barabarani, kwani si desturi kwa mwanamke mtu mzima kuonekana akifanya hivyo. Mwaka 2012 kampeni ya kitaifa iliwaita wanawake kwenye netiboli, mchezo wanaoucheza wakiwa kundi, kijijini, miongoni mwa majirani na waumini wenzao. Haya yao haikuhojiwa, ilitafutiwa uwanja.

Kliniki nazo zimepata wauguzi waliofunzwa mahususi kwa magonjwa yasiyoambukiza. Muuguzi wa namna hiyo, akiwa mwenyeji, hahitaji kumuuliza mgonjwa kama anajua kwamba mafuta ni mabaya. Anauliza nani hununua chakula nyumbani, nani hupika, shamba la familia liko mikononi mwa nani, Jumapili wanakula kwa nani na misiba mingapi imepita mwezi huu. Anaweza kumshauri mama wa nyumba achemshe sipi kwanza, aiache ipoe, aondoe mafuta yaliyoganda juu, ndipo aifunge katika majani. Anaweza kuomba majani ya magimbi yaongezwe na nyama ipunguzwe ndani ya kifungu kilekile, ili sahani ibaki imejaa mbele ya mgeni. Anaweza kuzungumza na mchungaji kabla ya kuzungumza na mgonjwa.

Kisha huja dhoruba. Kimbunga Gita kilipiga Tongatapu Februari 2018, kikaangusha mishelisheli na migomba. Mazao ya mizizi hustahimili upepo, ila yakivunwa yote kwa haraka hakuna mbegu ya msimu ujao, na meli za misaada huja na mchele, unga na makopo. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka chini ya bahari. Majivu yalifunika mashamba na matangi ya maji ya mvua, na waya wa mawasiliano uliopita chini ya bahari ukakatika. Mawimbi yaliziharibu boti za wavuvi, na samaki, ambaye tangu hapo alikuwa ghali kuliko ubavu wa kondoo, akazidi kuadimika.